Ngeli ya Asiye na Jina

Jumatatu, Cardiff, chumba cha chini ya ardhi.
Juu yetu watoto wa shule wanatingisha sakafu,
wamekuja kuona mifupa ya nyangumi.
Huku chini kuna droo, taa, na harufu ya spiriti.
Eluned Prosser ananisogezea kichupa.
Ndani, punje. Ningeikuta kwenye mchele
ningeitupa pamoja na chuya.

Milimita nne. Karatasi yake ina wino uliofifia:
*Usambara, chini ya gogo, mvua, Mei.*
Mwaka umeliwa na wadudu.
Mtu wa pili ameandika jenasi,
wa tatu ameikata,
wa nne ameweka alama ya kuuliza
akaenda zake kustaafu.

Naanza daftari kwa lugha yangu
maana mkono huu, ukichoka, haujui nyingine:
*Gamba limepauka. Limepinda kuume. Lina mizunguko sita.*
Kalamu inasita kwenye *li-*.
Alipokuwa hai alikuwa *a-*:
alitambaa, alikula, alilala.
Ni lini hasa mtu huvuka
kutoka *a-* kwenda *li-*?
Mwalimu Kihiyo, darasa la tano, Muheza,
alitucharaza kwa kuchanganya ngeli
lakini hilo hakutufundisha.

Mdomoni mwa gamba, meno.
Nahesabu matano. Nageuza, nahesabu tena:
sita,
au la tano lina kivuli.
Kitabu kinasema matano ni wa ukoo huu, sita ni wa ule.
Siku nzima nimekaa kwenye jino moja
kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa dagaa.

Mgeni wa bodi anapita na kikombe chake cha chai,
anainama, anauliza: Huyu ni bwana au bibi?
Lugha yake inamdai achague.
Yote mawili, namjibu, ndivyo walivyo.
Anacheka, anadhani namtania.
Kwetu ni *a-* tu,
na *a-* haijawahi kumvua mtu nguo.

Nilimtumia picha Singano, kule Amani, shambani kwa iliki.
Jibu linanikuta usiku ndani ya basi la Splott,
vioo vinatiririka maji:
*Huyo? Huyo hukaa kwenye majani makavu ya mgomba.
Anakula wenzake.
Meno sijamhesabia, hajaniuma.*
Nacheka peke yangu. Mama niliyekaa naye
anauvuta mkoba wake upande wa dirisha.

Alhamisi tunadondosha dawa ya kulainisha.
Nyuma ya meno, ndani kabisa, kuna utando mweupe, mkavu:
kiangazi kilimkuta, akajifungia.
Amefunika kombe.
Mwanaharamu gani huyo
anayechukua miaka mia kupita?
Alikuwa anangoja mvua ya pili.
Mvua ya hapa hunyesha kila siku
na haijawahi kufika kwenye droo.

Tunautoa utando kwa ncha ya sindano.
Amebaki kidogo, rangi ya majani ya chai,
na katika kidogo hicho, utepe wa ulimi:
safu kwa safu za miiba midogo.
Mla nyama, anasema Eluned, taratibu,
kama aliyefunuliwa siri.
Singano kaijua tangu utotoni.

Na bado hatufiki.
Ulimi unasema ukoo huu, mlango unasema ule,
kitabu kinafungwa na kufunguliwa
hadi mlinzi anakuja na funguo zake.
Tuandike nini? ananiuliza.
Jenasi naiacha wazi, kwa penseli.
Mahali pa chakula naandika: konokono wengine;
mtoa habari, R. Singano, Amani.

Halafu narudi ukurasa wa Jumatatu,
nakata mstari wa kwanza, naandika juu yake:
*Amepauka. Amepinda kuume.
Mlango aliufunga mwenyewe.*

Jino la sita, hata sasa,
sina hakika nalo.